Msamaha wa Ada kwa Gari Lisilotembea

Sogeza kiti, ndugu msikilizaji, na usitishwe na neno "ada". Ni kweli habari hii ina fomu ndani yake, lakini fomu zote nitazijaza mimi. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa karani katika duka la kutaipu huko Al Mankhool, Dubai, moja ya yale maduka madogo ambamo mtu huingia na shida yake kwa Kiswahili au Kihindi, ikatoka imeandikwa kwa Kiarabu na kubandikwa picha. Wateja wangu walikuwa walinzi, mayaya, mafundi rangi. Na mbele ya mlango wetu, kwenye nafasi ya kuegesha iliyochorwa alama ya kiti cha magurudumu, alikuwepo Afande.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa nani. Ilitosha kujua kwamba alikuwa Mzanzibari wa siku nyingi pale mjini, kwamba alistaafu jeshini akiwa sajini, na kwamba mguu wake wa kulia, kuanzia chini ya goti, ulikuwa wa bandia. Jina lake nililiandika kwenye fomu mara nyingi, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Afande, ila kwa sauti ya mtu anayemfukuza paka jikoni.

Nianze na jambo lililowachanganya wengi: Afande alipata msamaha wa ada za gari kabla hajapata gari. Nitakwenda polepole. Mtu mwenye ulemavu hupimwa, hupewa cheti, na cheti humpatia kadi. Kwa kadi hiyo gari lake husajiliwa kila mwaka bila kulipa ada, tena hupewa kibali cha kuegesha bure kwenye zile nafasi pana zilizo karibu na milango. Umeona? Msamaha ni wa mtu, si wa gari. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na msamaha mkamilifu, wenye muhuri, huku akipanda teksi. Ndivyo alivyokuwa Afande kwa mwezi mzima. Alikuja dukani kila asubuhi, akaiweka kadi juu ya meza yangu na kuitazama kwa huruma.

"Karani, haki hii inalala na njaa."

"Lakini Afande, huna gari."

"Ndiyo nisemavyo. Inalala na njaa."

Basi akainunulia haki yake gari. Lilikuwa gari dogo jeupe, kuukuu, la mwalimu mmoja wa kuogelea aliyekuwa akirudi kwao, na viti vyake vilinuka dawa ya maji ya bwawa mpaka mwisho. Hakuwahi kuliendesha. Leseni yake ilikwisha zamani, na alipoambiwa kwamba yapo magari yanayowekewa breki ya kubonyezwa kwa mkono badala ya mguu kwa watu kama yeye, alichukia. "Mimi nimeendesha lori la tani saba. Sitasimamisha gari kwa vidole kama mtu anayebonya kengele ya mlango."

Gari likasimama pale pale, likawa baraza. Afande alikaa kiti cha dereva, kiyoyozi kikivuma, chupa ya kahawa katikati, redio chini chini. Mwezi wa Agosti, pale ambapo hata kivuli kina jasho, hapakuwa na mahali pengine Al Mankhool ambapo mlinzi aliyetoka zamu angeweza kukaa kwenye ubaridi bila kuulizwa atanunua nini. Kanuni ya gari ilikuwa moja: mwenye shida mbele, wenye maoni nyuma. Niliwahi kuona wenye maoni wanne wamebanana nyuma, Mtanga, Mganda, na Wamombasa wawili, wakimshauri mtu mmoja wa mbele juu ya likizo yake, na mtu mwenyewe hajapata nafasi ya kusema amenyimwa na nani.

Sasa shika hapa, maana roho ya habari ipo hapa. Kibali cha kuegesha huandikwa nambari ya gari. Gari lisipopita ukaguzi na kusajiliwa upya kila mwaka, kibali kinakufa. Kibali kikifa, nafasi inakwenda, na gari linavutwa, pamoja na baraza na chupa yake. Na mke wa Afande alishaapa kwamba watu wale hawatapanda nyumbani kwao, ghorofa ya tatu. "Nyumba ina chumba kimoja na pumzi moja," aliniambia. "Hiyo pumzi ni yangu." Kwa hiyo kila mwaka, siku moja tu, gari lisilotembea lilipaswa kutembea. Wiki nzima kabla ya siku hiyo Afande hakulala vizuri.

Utaniuliza alipoteaje mguu. Kila mgeni aliuliza, na kila mgeni alitumaini vita. Mtu mwingine mwenye mguu kama ule angekuwa na vita vitatu vya akiba. Afande alisema kweli, ndiyo iliyokuwa bahati mbaya yake. Lilikuwa gari la jikoni, kambini jangwani, limebeba masufuria ya wali wa kikosi kizima. Dereva alitaka kurudi nyuma. Afande akasimama nyuma ya gari kumwelekeza.

"Nikamwambia njoo, njoo, njoo," alieleza. "Akaja."

"Halafu?"

"Halafu nikasahau kusema khalas, basi, simama."

Hakumlaumu dereva hata siku moja. Alisema kijana yule ndiye askari mtiifu kuliko wote aliopata kuwaamuru. Lakini ajali ilimwachia ugonjwa: hakuweza kuona gari linarudi rivasi bila kutoka kwenda kulielekeza. Awe anakunywa kahawa, awe anasikiliza shida ya mtu, akisikia tu ile sauti ya tii-tii-tii ya lori, alifungua mlango, akaruka nje na mguu wake mmoja na nusu, na kupunga mikono katikati ya barabara, akiita njoo kwa Kiarabu: "Taal, taal, taal... KHALAS!" Hiyo khalas aliipiga mapema mno, hatua kumi kabla. Madereva wa maji ya chupa walimzoea. Walisimama mbali, wakashuka, wakabeba madumu kwa miguu, ili tu mzee apate amani.

Cha ajabu ni kwamba mwanzoni aliamini ule msamaha wa ada ulitungwa kwa ajili ya maaskari. Kila alipokwenda ofisini alivaa nishani yake kifuani na kuchukua kitambulisho cha zamani cha jeshi, ambacho hakuna aliyekiomba. Mimi ndiye niliyemtoa gizani, bila kukusudia. Siku hiyo nilikuwa namjazia fomu kama yake muuza simu wa duka la jirani, kijana aliyezaliwa na mkono mmoja. Afande alichungulia juu ya bega langu.

"Na huyu anapata?"

"Anapata, Afande."

"Alikuwa kikosi gani?"

"Hakuwa jeshini. Amezaliwa hivyo."

Akakaa chini. Akautazama mguu wake wa bandia kana kwamba umemficha jambo. "Alaa! Basi mimi nimeumia bure!"

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu aliingia dukani kabla sijafungua dirisha. "Karani, nimefikiri. Ni bora hivi. Kikosi cha mtu mmoja ni upweke." Tangu siku hiyo akawa mpiga mbiu wa msamaha. Alijua nani apimwe wapi, nani alete picha ngapi, cheti kipi hakikubaliki. Ulipofika mwaka ambao serikali ilitangaza kwamba watu kama yeye wasiitwe tena walemavu bali watu wenye azma, alinunua sambusa za baraza zima. "Mguu wangu umepandishwa cheo," alisema. "Mimi bado sajini, wenyewe sasa ni ofisa."

Kasoro ilikuwa moja: alianza kuwawinda watu. Akiwa ndani ya gari aliangalia miguu ya wapita njia kama fundi viatu, na akimwona anayechechemea alimfuata. Ndivyo alivyompata Mkenya mmoja, mlinzi wa hoteli ya nyuma yetu, mrefu, aliyekuwa akichechemea vibaya sana jioni moja. Afande alimkimbilia. Fikiria vichekesho vile: mchechemeaji mmoja anamkimbiza mwingine.

"Bwana we! Simama! Hiyo ni ya kudumu?"

"Nini ya kudumu, mzee?"

"Hiyo hali ya mguu. Usione haya. Ipo nafuu."

"Wueh! Mzee, mimi niko sawa. Ni hii kiatu. Nimenunua jana na inaniua."

Afande alisikitika waziwazi, kama daktari aliyenyimwa mgonjwa. Kisha macho yakamng'aa. "Leseni ya kuendesha unayo?"

"Iko."

"Ya hapa?"

"Ya hapa."

Hivyo ndivyo Mkenya alivyokuwa dereva wa siku moja kwa mwaka. Afande alimwita Nairobi. Mkenya alitoka Nakuru, na aliisema Nakuru kila alipoitwa, na Afande kila mara alijibu, "Vyema. Nairobi, washa gari."

Sasa nikupe jambo ambalo sikuwahi kulielewa. Mtu huyu aliyepigania msamaha wa ada kwa kila mwenye kidole kilichopinda hakukubali kuruka foleni. Katika ofisi ya magari palikuwa na dirisha maalumu, la kwanza mkono wa kulia, lenye alama ile ile ya kiti cha magurudumu, kwa ajili ya wenye azma, wazee na wajawazito. Mara nyingi lilikuwa tupu. Afande hakulisogelea. Alichukua nambari kwenye mashine kama watu wote, akakaa wima, nishani kifuani, kwa muda wa saa nne, hata tano.

"Afande, dirisha lile ni lako," nilimwambia mwaka wa kwanza.

"Ada ni haki, Karani. Foleni ni adabu."

"Lakini hata lile ni haki."

"Mwanangu, mimi nilikuwa nikiwapanga watu foleni ya chakula, watu mia mbili. Sajini akila kwanza, kikosi kimeoza."

Hakuna aliyeweza kumshinda hapo. Mkewe alijaribu. Alikuwa ameshapiga hesabu kwamba halwa aliyowapelekea makarani, magazeti, chai ya Nairobi na teksi ya kwenda kununua halwa vilizidi ile ada aliyosamehewa. "Wenzio husamehewa wakapata," alimwambia kutoka dirisha la ghorofa ya tatu. "Wewe wasamehewa ukafilisika!" Afande aliinua mkono kumpigia saluti. Hiyo ndiyo njia yake ya kukiri kwamba mtu amesema kweli.

Baadaye nilihama. Mimi na mume wangu tulipata nyumba Jumeirah Village Circle, mbali na Al Mankhool, na nikaajiriwa huko huko. Mwaka ukapita sijamwona. Ndipo asubuhi ya Alhamisi moja, kesho yake ofisi zikiingia likizo ya sikukuu, simu ikalia.

"Karani, gari linakufa leo."

Nilipofika nilikuta karatasi ya onyo imebandikwa kwenye kioo cha mbele: kadi ya gari imekwisha muda, lisajiliwe kufikia leo, la sivyo litaondolewa. Gari lilikuwa limekwisha kupelekwa ukaguzi mara moja na kukataliwa, kwa sababu betri ilikufa mlangoni pa kituo. Wenye maoni walikuwa wamesikiliza mpira redioni mwezi mzima. Sasa betri ilikuwa mpya, na ukaguzi ulipita asubuhi ile. Ilibaki ofisi tu. Afande alikuwa amepungua. Shati la nishani lilimning'inia.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. JVC kuna chakula. Nairobi, washa gari."

"Nakuru," alisema Mkenya, akawasha.

Ofisi ilikuwa imefurika, kama siku zote kabla ya sikukuu. Afande akaenda kwenye mashine, akachukua nambari: mia mbili na kumi na nne. Ubao wa taa ulionyesha mia moja na tisa. Zilibaki dakika hamsini wafunge. Nikamtazama, nikatazama dirisha la kulia, tupu, na msichana wa Kiimarati nyuma yake akipangusa kalamu zake.

"Afande, nakuomba. Leo tu."

"Foleni ni adabu."

"Foleni haitafika! Gari litavutwa Jumapili. Watu wako wataketi wapi?"

Nikaona taya lake linatikisika. Alijua. Lakini alikaa, wima, tikiti mkononi, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mkenya aliondoka kwa hasira, akasema anakwenda kutafuta maji. Aliporudi hakuwa na maji. Aliinama kati yetu akanong'ona.

"Mzee, hebu angalia nyuma yako pole pole. Huyo mama Mfilipino wa mimba kubwa. Huyo kijana Msudani wa magongo. Na huyo babu Mhindi wa plasta. Nimewauliza mbona hawaendi kwa hiyo dirisha."

"Wanafuata foleni. Watu wazuri."

"Zii, si hivyo. Wote wameniambia kitu moja. Ati huyo mzee wa nishani, mwenye mguu wa chuma, amekaa anangoja. Wao ni nani wampite?"

Afande aligeuka. Mama Mfilipino alimtabasamia, mkono mmoja ukishika kiuno. Kijana Msudani alijaribu kukaa wima kama yeye, gongo likaanguka. Babu Mhindi akainamisha kichwa kwa heshima.

"Nani kawaamuru?" aliuliza Afande.

"Wewe," nilisema.

"Mimi sijasema kitu."

"Umekaa, Afande. Wanakutazama."

Nambari mbili zikapita kwenye ubao. Masikio yake yakawa mekundu. Kisha akasimama, na kwa sauti ambayo nadhani masufuria ya kambi ile bado yanaikumbuka, akasema, "YALLA! Haya, twende!" Ofisi nzima ilinyamaza. Mtoto mmoja akaacha kulia. Afande akawaonyesha wale watatu kwa kidole, mmoja mmoja, akawapanga mbele ya dirisha la kulia: mama wa mimba, kijana wa magongo, babu wa plasta. Mwisho kabisa akajipanga yeye. Mama mmoja mwenye mafua tu alijaribu kuingia kati. Afande alimtazama, naye mama akarudi kwenye kiti chake mwenyewe.

Dakika kumi na mbili. Wote wanne. Yule msichana wa dirishani alichukua kadi ya Afande, akagonga mashine, akatoa kadi mpya ya gari na kibali kipya, ada sifuri.

"Khalas, ammi," alisema, akimwita ami yake kwa heshima.

"Ndiyo hivyo tu?" Afande aliuliza, na nikasikia kama masikitiko ndani yake. Chini ya kiti tulichoacha palikuwa na halwa, magazeti mawili na mto.

Msichana akaendelea kutazama mashine yake. "Ammi, na malango ya barabara kuu? Yale yanayokata pesa ukipita chini yake? Naona hujawahi kuomba. Gari lako linasamehewa."

Afande akaniangalia. Nikaangalia sakafu. Mimi, karani wa miaka yote ile, sikujua. Naye, mpiga mbiu wa misamaha, hakujua. Msamaha ule haukuwa kwenye fomu tuliyokuwa tukiijaza, na hatukuwahi kumuuliza mtu wa dirisha lile, kwa sababu hatukuwahi kufika kwake.

"Tangu lini msamaha huo upo?" aliuliza.

"Siku zote, ammi."

Akajaza ombi pale pale, akatia saini kwa madaha kama bwana harusi. Ujumbe wa kukubaliwa uliingia kwenye simu yake baada ya sikukuu, na siku hiyo hiyo alinipigia niende. Nilimkuta amekaa mbele, kiti cha abiria, na wenye maoni wamejaa nyuma, na Mkenya kwenye usukani.

"Tunakwenda wapi?" niliuliza.

"Langoni," alisema Afande.

Tulipita chini ya lango la barabara kuu, tukageuza, tukapita tena. Mara ya tatu Mkenya alilalamika kwamba mafuta si ya bure. Afande alikuwa amefungua kioo, uso nje, joto lote la Dubai likimpiga, akihesabu malango kwa sauti kama mtu anayehesabu mapera ya shambani kwake. "Tena," alisema. "Nairobi, tena."

Kwa hiyo nikuombe jambo dogo, msikilizaji. Kanuni hubadilika, na kila mji una zake. Lakini ukifika ofisi ya namna ile, nawe una mguu, mgongo, umri au mimba inayokupa haki, usichukue nambari. Nenda moja kwa moja kwenye dirisha uliloandaliwa, toa kadi yako, na kabla hujaondoka uliza hivi: "Kuna nafuu gani nyingine ambayo sijaiomba?" Kisha subiri ujibiwe.